Mapigo ya Moyo Yasiyo na Mpangilio na Kinga ya Kiharusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unazungumzia tatizo moja tu la mapigo ya moyo, lile ambalo madaktari huliandika AF (kifupi cha Kiingereza cha atrial fibrillation) kwenye kadi ya mgonjwa, na unalizungumzia kwa upande mmoja hasa: namna ya kumkinga mwenye tatizo hilo asipatwe na kiharusi. Matatizo mengine ya mapigo yapo, yakiwemo yanayohitaji betri ya moyo na yasiyohitaji tiba yoyote, lakini hayo yana maelezo yake. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayekutibu. Yanalenga kukusaidia uingie katika chumba chake ukiwa na maswali yanayofaa.

AF ni nini?

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, na viwili vya chini huisukuma kwenda mapafuni na mwilini. Katika moyo wenye afya, kila pigo huanzishwa na msisimko mmoja wa umeme unaotoka katika chumba cha juu cha upande wa kulia, ukaenea katika vyumba vya juu, kisha ukashuka kwa utaratibu hadi vyumba vya chini. Mtu anapokuwa na AF, misisimko huzuka ovyo, mara nyingi ikianzia mahali ambapo mishipa inayotoka mapafuni inaingia katika chumba cha juu cha kushoto, hivyo vyumba vya juu hubaki vikipapatika badala ya kujikaza na kulegea. Vyumba vya chini hupokea sehemu tu ya misisimko hiyo, tena bila mpangilio wowote, na ndiyo sababu mapigo huwa ya vipindi visivyolingana na mara nyingi ya haraka.

Kwa baadhi ya watu hali hii huja na kuondoka yenyewe baada ya saa chache au siku chache. Kwa wengine hudumu. Kwa habari ya kiharusi, zote mbili ni za kuchukuliwa kwa uzito.

Moyo na kiharusi vinahusiana vipi?

Chumba kinachopapatika hakimalizi kutoa damu yake. Pembeni mwa chumba cha juu cha kushoto kuna kijifuko chembamba, mfano wa kidole cha glavu, na damu ikituama humo huanza kuganda. Kwa wagonjwa wasio na kasoro kubwa ya valvu, yaani milango ya moyo, zaidi ya asilimia 90 ya mabonge ya damu yanayopatikana katika chumba hicho hukutwa ndani ya kijifuko hiki. Bonge likibanduka hushuka chumba cha chini, likasukumwa kwenye mshipa mkuu, na kwa kuwa sehemu isiyo ndogo ya damu inayotoka moyoni hupanda kichwani, ubongo ndio huumia mara nyingi.

Utafiti wa muda mrefu wa Framingham nchini Marekani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba mwenye AF ana hatari ya kiharusi karibu mara 5 ya mwenzake asiye nayo. Viharusi vya namna hii pia huwa vizito kuliko vingine kwa wastani, kwa sababu bonge linalotoka moyoni huwa na ukubwa wa kuziba mshipa mkubwa. Ni kweli kwamba katika Afrika Mashariki chanzo kikuu cha kiharusi ni presha isiyotibiwa, lakini mtu mmoja anaweza kuwa na presha na AF kwa pamoja, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Nitajuaje kama ninayo, ikiwa sihisi chochote?

Wengi hawahisi chochote, na wapo wanaogunduliwa baada ya kiharusi kuwa kimeshawapata. Wanaohisi husema moyo unadunda kifuani kama unataka kuruka, wanachoka wakipanda ngazi, pumzi inakata, au wanaona kizunguzungu.

Njia ya kwanza ya kujichunguza haihitaji mashine. Kaa umetulia kwa dakika tano. Geuza kiganja cha mkono mmoja juu, kisha weka ncha za vidole viwili vya mkono mwingine, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo chini ya shina la dole gumba, ukigandamiza taratibu hadi uhisi mshipa ukigonga. Hesabu kwa dakika nzima, wala si kwa sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu unachotafuta hapa si wingi wa mapigo tu bali mwendo wake. Mapigo ya kawaida yanaweza kwenda haraka kidogo unapovuta pumzi na kupungua unapoitoa, na pigo moja linaweza kuruka hapa na pale. Ya AF hayana mtindo unaoweza kuufuata: mawili ya haraka, kimya, moja zito, matatu mepesi, kimya kifupi, na huwezi kubashiri lijalo. Ukiona hivyo, nenda kituo cha afya ukapimwe.

Kinachothibitisha ni kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, ambacho hakina maumivu na huchukua dakika chache. Ikiwa mapigo yalikuwa yametulia wakati wa kupimwa, daktari anaweza kukuvalisha kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24 au zaidi. Saa za mkononi za kisasa na mashine za presha zenye alama ya mapigo yasiyo sawa zinaweza kukutahadharisha, lakini hazitoshi peke yake kuandikiwa dawa. Mhudumu wa afya anayempima mzee wa miaka 65 na zaidi presha yake anapaswa pia kumshika mkono na kusikiliza mapigo. Ni kazi ya dakika moja, nayo huachwa mno.

Kwa nini imenipata mimi?

Umri ni sababu kubwa, kisha presha ya muda mrefu, moyo uliopanuka au kushindwa kusukuma damu vizuri, kisukari, unene wa kupindukia, kukoroma kunakoambatana na kukatika pumzi usingizini, na pombe, hasa ile ya kunywewa kwa wingi mwishoni mwa wiki. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huileta pia, ndiyo maana hupimwa kwa damu mapema, kwani ikitibiwa mapigo yanaweza kurudi sawa yenyewe.

Katika nchi zetu kuna sababu nyingine ambayo Ulaya imekuwa nadra sasa: valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya moyo, ambayo huanzia kwenye maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Wagonjwa wake ni vijana, wengi wao wanawake, wenye umri wa miaka 20, 30 au 40, na AF yao ina kanuni zake za tiba ambazo tutazieleza chini. Kwa upande wa wazee, uchunguzi uliofanywa vijijini katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na zaidi ulikuta chini ya asilimia 1 wakiwa na AF, kiwango kidogo kuliko cha wazee wa Ulaya. Hata hivyo, uchache huo haumsaidii aliyenayo.

Je, kila mwenye AF lazima ameze dawa ya kuzuia damu kuganda?

Hapana, lakini wengi wanahitaji. Daktari hupima hatari yako kwa kujumlisha alama: moyo kushindwa kufanya kazi, alama 1, presha, 1, kisukari, 1, ugonjwa wa mishipa ya damu, kama vile kuwahi kupata shambulio la moyo, 1, umri wa miaka 65 hadi 74, alama 1, miaka 75 na zaidi, 2, kuwahi kupata kiharusi au dalili zake zilizopita, 2. Zamani kuwa mwanamke kuliongezewa alama 1, na bado wapo wanaoihesabu, ila mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2024 umeiondoa. Kwa mwongozo huo, mwenye alama 2 au zaidi anashauriwa kutumia dawa, mwenye alama 1 hujadiliana na daktari wake, na asiye na alama kwa kawaida hahitaji.

Hesabu hii haiwahusu watu wenye valvu ya chuma, wala wale ambao valvu yao kati ya vyumba vya kushoto imesinyaa kwa kiwango cha kati au kikubwa. Hao wanahitaji dawa hata kama hawana alama hata moja.

Nimepewa dawa ya mapigo na moyo umetulia kabisa. Naweza kuacha ile ya damu?

Hapana. Hili ndilo swali muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, na jibu lake likieleweka vibaya linaweza kumgharimu mtu upande mzima wa mwili.

Mwenye AF hupewa tiba za aina mbili zenye kazi mbili tofauti. Ya kwanza inahusu mapigo: dawa kama bisoprololi, atenololi au digoksini hupunguza kasi, na amiodaroni hujaribu kurudisha mpangilio. Hizi ndizo unazozihisi, kwa sababu kifua kinatulia, pumzi inarudi, na unaweza tena kutembea hadi sokoni. Ya pili ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Hiyo hutaihisi. Haipunguzi kudunda, haiongezi nguvu, na siku ukiiacha hutaona tofauti yoyote asubuhi yake. Kwa hiyo fedha zikipungua, au mgonjwa akichoka na vidonge, hiyo ndiyo huachwa kwanza, ilhali ndiyo inayokinga kiharusi.

Utafiti wa AFFIRM, uliofanyika Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2002, ulilinganisha wagonjwa 4,060 wa AF: baadhi walipewa dawa za kurudisha mpangilio wa mapigo, wengine walipunguziwa kasi tu. Ilitarajiwa kwamba kurudisha mpangilio kungeokoa maisha zaidi, lakini haikuwa hivyo. Jambo linalotuhusu hapa ni kwamba wengi wa waliopata kiharusi katika makundi yote mawili walikuwa ama wameacha wafarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, ama wanaitumia kwa kiwango kisichotosha. Mapigo yaliyotulia leo yanaweza kupapatika usiku wa manane bila wewe kujua, na pia presha, umri na kisukari vilivyokupa alama haviondoki kwa sababu ECG imetoka safi. Kinachoamua kama utaendelea na dawa ya damu ni zile alama zako, wala si jinsi unavyojisikia.

Hili halimaanishi kwamba kurekebisha mapigo ni kazi bure. Utafiti wa EAST-AFNET 4 wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa wagonjwa waliorekebishwa mapigo mapema, ndani ya mwaka mmoja tangu kugundulika, walipata matatizo machache zaidi ya moyo na mishipa, kiharusi kikiwemo. Lakini karibu wote walikuwa pia kwenye dawa za kuzuia damu kuganda.

Aspirini je? Ni ya bei nafuu na inapatikana kila duka la dawa.

Aspirini haitoshi kwa kazi hii. Mwaka 2011 utafiti wa AVERROES uliwalinganisha wagonjwa wa AF walioonekana hawafai kutumia wafarini: waliopewa apiksabani, dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, walipata viharusi pungufu kwa zaidi ya nusu kuliko waliopewa aspirini, na kutokwa damu kwingi hakukutofautiana sana. Aspirini bado ina nafasi kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, lakini huo ni uamuzi mwingine, na kuijumlisha na dawa ya damu bila sababu huongeza hatari ya kutokwa damu.

Kuna wafarini na kuna dawa mpya. Ipi inanifaa?

Kwanza jiulize, au muulize daktari wako, hali ya valvu zako. Ndiyo sababu kipimo cha moyo cha ECHO, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ni muhimu kabla ya kuchagua.

Ikiwa una valvu ya chuma, dawa yako ni wafarini. Dabigatrani, mojawapo ya dawa mpya, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa namna hiyo na jaribio likasimamishwa, kwani waliopewa walipata mabonge zaidi na kutokwa damu zaidi. Ikiwa valvu yako imesinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi, jibu ni lile lile, na safari hii ushahidi umetoka kwa wagonjwa wanaofanana na wetu. Utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na kuwahusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulitarajia kuona rivaroksabani ikifanya kazi vizuri sawa na dawa za kundi la wafarini. Waliokuwa kwenye kundi la wafarini ndio waliofariki wachache zaidi, bila kutokwa damu zaidi. Kwa hiyo kijana mwenye ugonjwa wa valvu akiambiwa abadilishe wafarini kwa dawa mpya kwa sababu tu ni ya kisasa, ana haki ya kuuliza maswali.

Kwa wengine wote, yaani wenye AF ya presha, umri au kisukari, dawa mpya ndizo chaguo la kwanza pale zinapopatikana. Nazo ni apiksabani, rivaroksabani, dabigatrani na edoksabani. Zinakinga kiharusi sawa na wafarini au zaidi, zinapunguza sana hatari ya damu kuvuja ndani ya kichwa, hazihitaji kupimwa INR (kipimo cha damu cha wanaotumia wafarini, tutakachokieleza chini), na hazijali mboga uliyokula. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Tatizo ni bei, na jingine ni figo: lazima figo zipimwe kabla ya kuanza na angalau mara moja kwa mwaka baadaye, kwa kuwa dozi hutegemea hali yake.

Wafarini kwa upande wake ni ya miongo mingi, imetumika kwa binadamu tangu miaka ya 1950, ni rahisi kununua, na ikisimamiwa vizuri hupunguza viharusi vya AF kwa takriban theluthi mbili.

Hapa tunatoa rai yetu waziwazi. Mgonjwa anayemeza apiksabani moja kwa siku badala ya mbili ili dawa zifike mwisho wa mwezi hana kinga anayodhani anayo, kwa sababu nguvu ya kidonge hupungua kwa nusu katika saa 12 hivi. Huyo ni heri atumie wafarini inayopimwa ipasavyo kuliko dawa ya gharama inayomezwa kwa kudunduliza. Vilevile, kumpunguzia mzee dozi kwa kuogopa tu damu si tahadhari. Apiksabani ya miligramu 5 mara mbili kwa siku hushushwa hadi 2.5 pale mgonjwa anapokuwa na angalau mambo mawili kati ya haya matatu: miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 au chini, na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) ya mikromoli 133 au zaidi kwa lita.

Kipimo cha INR kinasema nini?

Kinaonyesha damu yako inachelewa kuganda kwa kiasi gani ukilinganisha na ya mtu asiyetumia wafarini, ambaye kwake huwa karibu na 1. Mwenye AF anatakiwa awe kati ya 2 na 3. Chini ya 2 kinga ni hafifu. Juu ya 3 hatari ya kutokwa damu huanza kupanda, na kadiri namba inavyozidi ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Baadhi ya wenye valvu ya chuma hupangiwa kiwango cha juu zaidi.

Chukua mfano wa kijitabu cha kliniki chenye mstari huu: 1.4, 1.6, 2.3, 2.5, 4.1. Namba mbili za kwanza ni za wakati wa kuanza, dozi ikitafutwa. Mbili zinazofuata ndizo zinazotakiwa. Ya mwisho, 4.1, haimaanishi kwamba mgonjwa amekosea kumeza. Mara nyingi ukiuliza utasikia kwamba alipewa Flagyl au Septrin kwa ajili ya tumbo au kikohozi wiki iliyopita, na duka la dawa halikuulizwa wala halikuuliza. Badiliko la dozi ya wafarini huchukua siku kadhaa kuonekana, hivyo usiongeze wala kupunguza mwenyewe kwa kuona namba ya leo.

Mwanzoni kipimo hurudiwa kila baada ya siku chache, kisha kila wiki, na namba zikitulia inaweza kufika hata wiki nne. Safari hizi ndizo zinazowashinda wengi, hasa wa vijijini. Katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, kliniki ya wafarini imekuwa ikiendeshwa na wafamasia, na ni mfano mzuri wa kazi hii kutomsubiri daktari bingwa.

Nikitumia wafarini, niache mchicha na kisamvu?

Usiache. Mboga za majani kama mchicha, kisamvu, matembele, majani ya kunde na sukuma wiki zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya wafarini, lakini dozi yako imepangwa kulingana na chakula chako cha kawaida. Kinachovuruga ni mabadiliko ya ghafla: mwezi mzima wa mboga kila siku, kisha wiki mbili za msibani ukila wali na nyama tu. Kula kwa kiasi kile kile. Wanaotumia dawa mpya hawahusiki na jambo hili.

Dawa nyingine, mitishamba na hijama vina madhara?

Ndiyo, na orodha ni ndefu, kwa hiyo kanuni ni kumwambia kila anayekupa dawa kwamba unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu humeza kwa mgongo na magoti, huchubua tumbo na kuleta damu. Parasetamoli kwa kiasi cha kawaida ni salama zaidi. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza sana nguvu ya wafarini na ya dawa mpya pia, na baadhi ya dawa za kifafa hufanya hivyo hivyo. Flukonazoli, metronidazoli na kotrimoksazoli hupandisha INR. Baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi huingiliana nazo, hivyo kliniki zako mbili zijuane.

Kuhusu mitishamba, ugumu ni kwamba hakuna anayejua kiasi kilichomo katika chupa. Kitunguu saumu na tangawizi vya kuungia mchuzi havina neno. Vya kusaga na kunywa glasi nzima kila asubuhi ni jambo jingine. Hijama, kupiga chuku na kuchanjwa chale viepukwe kabisa, maana jeraha dogo linaweza kutoa damu kwa muda mrefu. Sindano za msulini ziepukwe inapowezekana, ila mgonjwa wa valvu anayechomwa Penadur, yaani sindano ya penisilini, kila mwezi asiiache kwa hofu: amwambie muuguzi, INR yake iwe katika kiwango, na pagandamizwe kwa dakika kadhaa baada ya kuchomwa.

Mama yetu ana miaka 82 na huanguka. Si ataumia zaidi akimeza dawa hii?

Hofu hii inaeleweka, lakini kwa kawaida huzidishwa. Mwaka 1999 watafiti wa Kanada walikokotoa kwamba mzee anayetumia wafarini angepaswa kuanguka karibu mara 300 kwa mwaka ndipo hatari ya damu kuvuja kichwani ipite faida ya kukingwa na kiharusi. Umri wenyewe ndio unaompa alama nyingi. Kinachofaa ni kutafuta kwa nini anaanguka: macho, dawa za presha zinazomshusha kupita kiasi, taa hafifu ya njia ya chooni, kandambili zilizolika. Presha ishushwe vizuri, kwani presha isiyodhibitiwa ndiyo hatari kubwa ya damu kuvuja kichwani kwa anayetumia dawa hizi.

Damu kidogo kwenye fizi au michubuko midogo ni ya kumweleza daktari katika ziara ijayo. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, damu ya puani isiyokoma, kichwa kuuma ghafla kupita kawaida, au kugonga kichwa baada ya kuanguka, ni vya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku.

Ninafunga Ramadhani. Nitamezaje?

Zungumza na daktari kabla mwezi haujaandama, kwa sababu si kila mwenye ugonjwa wa moyo anafaa kufunga. Ikiwa umeruhusiwa, wafarini inaweza kumezwa usiku kama kawaida. Rivaroksabani humezwa mara moja kwa siku, tena pamoja na chakula kamili ili ifyonzwe vizuri, hivyo iende na mlo wa futari na si na tende na maji peke yake. Apiksabani na dabigatrani humezwa wakati wa futari na wakati wa daku. Kunywa maji ya kutosha usiku, hasa kama unatumia pia dawa ya kukojoza, maana mwili ukikauka figo hudhoofika na dawa hulimbikizana.

Nikisahau dozi?

Meza ukikumbuka siku hiyo hiyo, isipokuwa dabigatrani ikiwa zimebaki chini ya saa 6 kufikia dozi inayofuata, hapo iruke. Usimeze mara mbili kufidia. Vidonge vya dabigatrani pia vikae kwenye pakiti yake, visihamishiwe kwenye kichupa kingine, na visifunguliwe.

Nina tatizo la valvu, ninatumia wafarini, na ninataka mtoto.

Usisubiri mimba iingie ndipo useme. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya ujauzito, na dawa mpya hazishauriwi kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Madaktari wa moyo na wa uzazi hupanga pamoja, mara nyingi kwa sindano za heparini kwa kipindi fulani. Kuacha dawa kimyakimya kwa kumwogopea mtoto kunamweka mama katika hatari kubwa sana. Baada ya kujifungua, anayetumia wafarini anaweza kunyonyesha.

Je, mapigo yanaweza kurekebishwa kwa umeme au upasuaji?

Inawezekana. Mshtuko wa umeme ukitolewa chini ya usingizi unaweza kurudisha mpangilio kwa dakika moja, lakini ikiwa hali imeshadumu, au haijulikani imeanza lini, dawa ya damu hutangulia kwa angalau wiki tatu au moyo uchunguzwe kwanza kwa ECHO ya kupitia umio, na dawa iendelee angalau wiki nne baadaye. Ipo pia tiba ya kuingiza waya mwembamba kupitia mshipa wa paja na kuunguza sehemu ndogo zinazozusha misisimko, iliyotokana na ugunduzi wa Michel Haïssaguerre na wenzake huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1998. Katika Afrika Mashariki vituo vinavyoweza kuifanya ni vichache. Kile kijifuko cha moyo nacho kinaweza kuzibwa kwa kifaa, hasa kwa mtu asiyeweza kabisa kutumia dawa za muda mrefu. Baada ya mshtuko wa umeme au tiba ya waya, swali la kuendelea na dawa ya damu huamuliwa kwa alama zile zile.

Tukiona dalili za kiharusi nyumbani, tufanye nini?

Uso uliopinda upande mmoja, mkono au mguu uliolegea ghafla, maneno yanayokokota au yasiyoeleweka, jicho lililozimika ghafla: lolote kati ya haya ni la kukimbiza hospitali yenye uwezo wa kupiga picha ya ubongo, bila kupitia kwa mganga na bila kusubiri asubuhi. Wapo wanaoamini kuwa ni shetani na kwamba sindano itamuua mgonjwa, na saa zinazopotea katika kubishana hilo ndizo zinazohitajika. Dawa ya kuyeyusha bonge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Usimpe aspirini, chakula wala maji, kwani haijulikani kama ni bonge au ni damu iliyovuja, na huenda hawezi kumeza. Kumbukeni saa ya mwisho alipoonekana mzima, chukueni pakiti zote za dawa zake pamoja na kijitabu cha INR, na mwelezeni daktari alimeza dawa ya damu mara ya mwisho lini, kwa sababu jibu hilo litaamua kama anaweza kupewa tiba hiyo au la.